Nyamizi Alirudi Kasansa kwa Njia ya Hewani

Tumsifu Yesu Kristo, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Nyamizi, binti wa mama Pudensiana wa Kasansa. Nyamizi amefariki kwa saratani ya titi. Tunarudia, kwa saratani, maana kuna maneno mengine yanatembea huko sokoni Kibaoni.

Nyamizi alifanya kazi Arusha, kwa watu wanaorusha watalii. Mtu anavaa mikanda, anafungwa kwenye kitambaa kipana chenye kamba nyingi, anakimbia mtelemkoni, upepo unambeba. Wenyewe wanakiita mwavuli. Alianza kwa kuikunja tu hiyo miavuli. Mwisho akaruka mwenyewe.

Madaktari walipomwambia dawa zimegonga mwamba, kaka yake Sylvanus alimfuata kwa pikapu. Mama alikuwa na hofu moja: mwanangu asije akafia njiani sijamshika mkono. Kila jioni anapiga simu, nyie mko wapi? Sylvanus anaona aibu kujibu, maana wamesimama tena. Babati, Nyamizi kaona ukingo mzuri, karuka. Singida, mlima Sekenke, karuka. Kaka akanuna, akasema wagonjwa hulala.

"Kulala nitalala sana, kaka," alimjibu. "Shika kamba hiyo."

Mama aligombana naye kwenye simu mpaka salio likakata. Halafu akapiga magoti. Hakuomba mwana aache. Aliomba upepo uwe mpole.

Mpanda waliipita bila kulala. Sylvanus akamkokota dada yake hadi juu ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaoitazama Kasansa. Upepo ulikuwa unapanda vizuri, hatua chache zikatosha.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kwetu mtu anayeruka mmeshampa jina. Watu waliacha majembe kwenye mpunga, wakashika fimbo. Wengine wanacheka, ungo wa bibi umeishiwa mafuta. Wengine hawakuwa wanacheka. Nyamizi alipotua, mama Pudensiana aliwapita wote, rozari shingoni, akasimama kati ya fimbo na mwanawe. Akamshika mkono.

"Umechelewa," akamwambia. "Ugali umepoa."

Walikaa pamoja mpaka mpunga ukaanza kuvunwa. Nyamizi akafia mkononi mwa mama yake, kama mama alivyotaka.

Kwenye mazishi walifika wachache. Wazee wa mtaa walituma ujumbe: mwavuli uchomwe, mganga asafishe mji, ndipo watakuja kukaa msibani. Mama hakubishana. Aliutoa mwavuli ndani, akamwambia Sylvanus aufunge kwenye miti ya uani, wafiwa wapate kivuli. Ni mwekundu. Unaonekana toka barabarani.

Mama Pudensiana, Sylvanus, poleni sana. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Na sisi wengine tujiulize, ni mara ngapi tumeokota fimbo kabla ya kuuliza swali.

Tulipomwomba mama neno la mwisho, alisema hivi, nasi tunalifikisha kama lilivyo:

"Matanga sianui. Mikeka iko chini ya mwavuli wa mwanangu. Nitaanua siku jirani wa mwisho atakapokuja kukaa."