Moto wa Ng'ombe Ambazo Haziko

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tuliochoka.

Nikiwa mtoto, kule kwetu, jua lilizibwa mchana. Giza likatukuta tunapalilia maharage. Kuku za mama zikaingia kulala, zote, jogoo mbele. Jua likarudi, lakini jogoo yule tangu hapo akawa anawika ovyo tu, mpaka mama akamchinja. Na nyama yake ilikuwa ngumu! Basi, sikusimama hapa kwa habari za kuku. Nataka mjue tu kwamba niliona mapema kiumbe akipotewa na saa zake, na nilicheka. Kwa mzee wangu sikucheka.

Mume wangu mlimjua, tulikaa naye hapo Nyakabanda. Ujana wake wote alichunga ng'ombe za baba yake. Zikaisha, tukaja Kigali, akauza maziwa ya ng'ombe za watu. Alizeeka vizuri, mpaka kichwa kikaanza kumtoka. Kwanza majina. Kisha usingizi. Mchana analala kama mtoto mchanga, mdomo wazi, nzi wanamtembelea. Jua likishuka anaamka, macho makali, anatafuta fimbo. "Ng'ombe ziko wapi? Nani anazirudisha?" Muganga wa hospitali aliniambia ni ubongo unakufa polepole, na saa iliyo ndani ya mwili imeharibika pamoja nao. Dawa hakuna.

Ndugu zangu, ni miaka hii ya vita, mnajua wenyewe. Jioni watu wanakimbilia ndani, bariyeri zimefunga barabara kila mahali, askari anataka kitambulisho. Mzee asiyejua jina lake atajibu nini? Nikamfungia. Akapiga mlango mpaka mikono ikatoka damu, akaniita mwizi wa ng'ombe, mimi niliyemzalia! Kila jioni! Mchana nauza ndizi huku nasinzia. Nikanunua dawa ya panya, na panya sikuwa nao. Nalisema hapa mbele ya Mungu.

Ndipo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaja kutoka Kabeza. Akasikia zile kelele, akanicheka.

"Wewe wifi, kwenu walikufundisha viazi tu! Unamfungia mwanaume saa ng'ombe zinarudi? Mwashie igicaniro."

"Ng'ombe ziko wapi, wifi?"

"Washa moto kwanza. Utabisha baadaye."

Igicaniro ni ule moto wa zizini. Unawashwa jioni, ng'ombe zikirudi zinasimama kwenye moshi na nzi wanakimbia. Tukauwasha uani, kwa majani mabichi na samadi kavu ya kuomba kwa jirani. Ndugu zangu! Mzee alikaa. Alinusa ule moshi, akaweka fimbo chini, akaita ng'ombe zake kwa majina, taratibu, kisha akalala usiku kama watu. Dawa nikaitupa chooni. Nikaja hapa nikacheza mbele yenu, nikasema Bwana amenifungua. Na ni kweli alinifungua, ile asante siirudishi. Nawe mama unayefunga mlango jioni ukilia, usinunue nilichonunua mimi! Mlilie Yeye, mtegemee Yeye, hata asipojibu unavyotaka. Mimi bado sijajibiwa.

Maana jioni moja moto ulikuwa unawaka vizuri, na mlango uko wazi, nilikuwa sifungi tena. Mzee akaangalia moto. Akaangalia ua wote, pembe kwa pembe.

"Moto unawaka," akasema, kwa sauti yake ya zamani, sauti ya mwenye nyumba. "Na ng'ombe hazijafika."

"Zitakuja, baba."

"Hapana, mama. Zingekuwa zimeshafika. Zimepotea."

Hilo hatukulifikiria, mimi wala wifi. Kwa mtu wa ng'ombe, moto usio na ng'ombe si faraja, ni habari mbaya.

Akachukua fimbo. Nikadhani anafika tu kwenye uzio, nikainama kugeuza ndizi jikoni. Nilipoinuka alikuwa barabarani, anapiga mluzi, mgongo umenyooka, watu wote wanakimbilia nyumbani na yeye peke yake anatoka. Nikamkimbilia nikimwita. Kwenye bariyeri wakanirudisha na bunduki. Kama yeye walimpisha, kama hawakumpisha, hakuna aliyeniambia. Hakurudi.