Mama Violet Chilongo Ndunguru: Jiko Lake Limefungwa Leo

Baba Paroko, Kasisi uliyepanda mlima kutoka Lipingo, wazee wetu wa Likwela, wageni wa Chuo Kikuu na wa Kampuni ya kahawa, ndugu waombolezaji wote: kabla hatujamrudisha mama yetu mavumbini, familia inaomba masikio yenu kidogo. Watani, nanyi tulieni. Zamu yenu itafika.

Violet alizaliwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa tatu wa mvuvi Gilbert Chilongo na mkewe Luisa. Jina alipewa na muuguzi wa misheni ya Kianglikana aliyempokea duniani. Baba yake alilikubali palepale, akasema mtoto anayelia kwa nguvu namna ile anafaa jina lolote. Utotoni kazi yake ilikuwa kulinda usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa, kunguru wasiwamalize. Dada yake mkubwa, Lidia, ambaye tuko naye hapa, anasema huko ndiko alikojifunza kugombeza, na sisi tuliogombezwa naye hatuna la kubisha.

Alisoma shule ya msingi Lipingo kuanzia mwaka 1953, kisha shule ya kati Liuli, alikomaliza darasa la nane mwaka 1960. Akakaa nyumbani miaka michache akimsaidia mama yake shamba la muhogo, ndipo akachaguliwa kwenda chuo cha kilimo, akapata cheti chake mwaka 1966.

Januari 1967 aliletwa hapa Likwela kuwa bibi shamba. Mtu wa ziwani, amezoea tambarare na mchanga, anaambiwa apande milima ya Umatengo wakati wa mvua! Siku yake ya kwanza shambani aliteleza akatumbukia kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba miteremkoni ili maji yasichukue udongo. Kijana aliyekuwa akipalilia jirani akaja, akasimama ukingoni, akamtazama.

"Bibi shamba," akasema, "humu tunapanda mahindi na maharage. Watu bado hatujajaribu."

"Nivute kwanza," akajibu Violet. "Utani baadaye."

Kijana yule ni Antoni Ndunguru, aliyekaa hapa mbele yenu leo na kofia mkononi. Walifunga ndoa tarehe 12 Julai 1969. Ilikuwa ndoa ya mseto, Mkatoliki na Mwanglikana, na Violet hakuacha kuimba nyimbo za Kianglikana akipepeta mahindi yake. Mwishowe hata kwaya yetu ya parokia ikajifunza mbili tatu kupitia dirisha la jikoni kwake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Hildegardi, Scholastica na Stephano. Tangu hapo akaitwa Mama Hilda na majirani, na Mama Violet na watu wa ofisini.

Kwa miaka ishirini na minane alifundisha watu kupogolea mibuni na kuchuma kahawa iliyoiva vizuri. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1994 soko la kahawa likafunguliwa, wanunuzi wakaja na malori yao, wakawa wananunua mbichi, mbivu, mbovu, twende. Ushirika ukayumba. Makarani na madereva wake, vijana wetu, wakarudi kukaa barazani mikono mitupu. Mwaka uliofuata Serikali ikampunguza kazi na yeye. Alirudi kutoka Mbinga mjini akacheka mbele ya watu: "Wamenipunguza kazi, mwili wameuacha." Lakini Antoni anasema siku ile hakula chakula cha jioni.

Mwaka 1997 akaja Dakta Cleopa wa Chuo Kikuu, akitafuta kijiji cha kushirikiana nacho. Mpango ulikuwa hivi. Kampuni ya kahawa ya Songea itoe fedha. Chuo kilete wahandisi na wanafunzi. Kijiji kitoe vijana, mahali pa karakana, na kahawa mbivu ya kujaribia. Vijana watengeneze mashine ya kumenya kahawa inayofaa milima yetu, isiyokunywa maji mengi, kisha wapewe mtaji waitengeneze na kuiuza kama biashara yao wenyewe. Kampuni ingepata kahawa safi, Chuo kingepata mahali pa kufundishia watu wake, vijana wangepata kazi. Mama Violet aliupenda mpango huo hasa kwa sababu kila mmoja alikuwa na chake cha kutafuta. Alisema msaada mtupu huchosha mtoaji, lakini wanaohitajiana hutafutana hata mvua ikinyesha.

Akakubali kuwa mratibu. Akapita nyumba kwa nyumba, akawaahidi akina mama kwa mdomo wake kwamba karakana itakuja na watoto wao watakuwa mafundi. Kampuni nayo iliweka sharti moja tu: msimu wa mwaka 1998 kijiji kizima kilete kahawa yake kwenye mashine ya majaribio. Kisipoleta, karakana inahamia wilaya nyingine.

Sasa wageni wetu wa mbali watuvumilie, maana hapa pana jambo la kwetu. Kwa Wamatengo neno zito halianzii ofisini, linaanzia sengu. Sengu ni wanaume wa ukoo kukaa kula pamoja. Kila nyumba mama anapika, vyakula vinapelekwa kwa mzee wa ukoo, na kila aliyeketi anamega kutoka kila sahani. Wakishanawa, ndipo watu wanasemezana. Vijiji vingi vimeiacha mila hii, lakini hapa kwa Mzee Joakim, baba mkubwa wa Antoni, haijafa.

Mwezi Mei 1998 Dakta Cleopa na Bwana Dunstan, meneja wa Kampuni, walikuja kuzungumza na wazee. Gari lilikuwa limenasa tope kule Kitai, wakafika saa nane mchana hoi, wamechafuka hadi magotini. Mama Violet aliwaonea huruma. Kwao Lipingo mgeni ni wa aliyempokea, na aibu ya mwaka ni mgeni kutoka kwako na njaa. Basi aliwapikia wali, na samaki aina ya magege ambao dada yake Lidia alikuwa amewatuma kutoka ziwani. Wakala, wakalamba vidole. Kisha akawapeleka sengu.

Sahani zilikuwa zimepangwa, ugali ukifuka moshi. Dakta Cleopa akajishika tumbo akacheka: "Asanteni sana wazee wangu, lakini tumeshiba. Mama Violet ametutendea haki!" Bwana Dunstan naye akakataa kwa adabu zote. Mzee Joakim akasema, "Haya. Tumesikia." Maneno ya mpango yakasemwa, watu wakapiga makofi, wageni wakaondoka wakiwa na furaha. Na Mama Violet akalala usingizi mzuri, masikini.

Juni kahawa ikaiva. Mashine ikafungwa kwenye kijito chini ya shamba la Antoni. Siku ya kwanza ikaja kahawa ya Antoni peke yake. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki zikapita, watu wakawa wanapita na ndoo zao wakisalimia vizuri kabisa, wakaenda kumenya majumbani au kuwauzia wenye malori. Wanafunzi wa Chuo walidhani kosa ni la mashine; wakaifungua, wakaifunga, wakaipaka grisi. Bwana Dunstan akatuma ujumbe kwamba Julai ikiisha hivyo, anakuja na lori kubeba vifaa.

Mama Violet alikonda. Mchana mmoja Notburga, jirani yake, alimkuta ameketi kando ya kijito, amejifunika uso kwa kanga.

"Pole, Mama Hilda. Mashine yako ina nini?"

"Yangu?" akasema Mama Violet. "Notburga, hii si yangu. Ni yetu sote."

"Mh! Yetu tangu lini? Wageni walikula kwako. Ugali wangu mimi ulirudi nyumbani umepoa, nikawapa mbwa. Mgeni akila nyumba moja, ana neno na nyumba moja. Hatuna kinyongo, mama. Tunawaachieni mradi wenu."

Mama Violet alikuwa ameishi kwetu miaka thelathini na moja. Alikuwa amepika kwa ajili ya sengu mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini wanawake hawaketi pale, na hakuna aliyewahi kumweleza jambo ambalo kila Mmatengo anazaliwa akilijua. Alilia, halafu akaanza kucheka, halafu akanawa uso kijitoni akaenda moja kwa moja kwa Mzee Joakim.

"Shikamoo baba. Nimekosa."

"Marahaba, mkwe wangu. Hukukosa, ulikarimu. Ila ulikarimu peke yako."

"Nifanyeje?"

"Waje tena. Na waje na njaa."

Kesho yake akapanda basi hadi Songea. Bwana Dunstan alimsikiliza, akavua miwani.

"Mama, nisafiri siku nzima nije kula ugali? Sisi tunafadhili mashine, hatufadhili karamu."

"Sikuombi uilipie," akasema Mama Violet. "Karatasi yenu mmetia saini, sawa. Likwela watu wanatia saini kwa mkono uliomega. Njoo, mwanangu. Na tafadhali usinywe chai njiani."

Bwana Dunstan yuko hapa, anaweza kunikanusha. Anasema alikubali kwa sababu aliona mama yule hatatoka ofisini.

Siku waliyokuja, Mama Violet alipika chakula chake kama nyumba nyingine yoyote, akakipeleka sengu, kisha akafunga jiko kwa kufuli na kufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Akasimama na wanawake wenzake nyuma ya nyumba ya Mzee Joakim, wakichungulia. Dakta alimega kila sahani. Bwana Dunstan alimega kila sahani; alipofika kwenye maharage ya Notburga jasho lilikuwa linamtoka, akalegeza mkanda. Wanawake walishindwa kujizuia, wakapiga vigelegele. Mzee Joakim akanawa, akasema, "Sasa semeni, na sisi tuseme." Kumbe watu walikuwa na mengi! Mashine itoke kwa Antoni ikae kwenye chemchemi ya wote. Karakana ijengwe kwenye ardhi ya kijiji. Vijana wachaguliwe kutoka kila nyumba. Mama Violet akatuma neno kupitia kwa mumewe: na wasichana pia. Palikuwa na minong'ono, Antoni akalirudia neno kwa sauti kubwa zaidi, likapita.

Wiki ile foleni ya ndoo ilifika hadi barabarani. Kahawa iliyotoka Likwela msimu ule Kampuni iliiuza kwa sifa, na lori lililokuja mwisho wa Julai lilileta vyuma badala ya kuvibeba. Katika wasichana wa kwanza alikuwemo Getrude, mjukuu wa Notburga. Yeye na wenzake, pamoja na wanafunzi wa Chuo, ndio waliobuni ile mashine ya kukanyaga kama baiskeli inayotumia maji yaleyale mara mbili. Leo karakana ni yao, wanauza mashine hadi Tingi, na wameajiri wenzao. Mama Violet hakujua kushika hata spana, lakini kila mwanafunzi mpya kutoka Chuo alimzungusha kula nyumba kwa nyumba kabla hajamruhusu kugusa chuma.

Mwaka 2002 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, baadaye na figo. Alitibiwa vizuri, tunawashukuru madaktari na masista. Mwezi Agosti mwaka huu, akiwa kitandani, habari zikamfikia kwamba mkataba wa kijiji na Kampuni na Chuo, ulioisha Juni, huenda usiendelee, kwa kuwa, ilisemwa, ule ulikuwa mradi wa Mama Violet na Mama Violet anaumwa. Hatukumwona akilia kwa ajili ya maumivu yake. Kwa neno hilo alilia.

"Wangu?" akauliza. "Miaka yote hii bado ni wangu? Basi sijafanya kitu."

Kisha akamwita Hildegardi, akampa maagizo ya siku hii ya leo, na kutoka hapo akatulia. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 17 Septemba 2003, saa kumi na moja alfajiri, Antoni akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Antoni, watoto watatu, Hildegardi, Scholastica na Stephano, wajukuu sita, dada yake Lidia, ukoo wa Chilongo kule ziwani na ukoo wa Ndunguru huku mlimani, na vijana wa karakana, ambao aliagiza watajwe kati ya watoto wake. Tumewataja.

Maagizo yake ni haya. Tukitoka makaburini, mtu yeyote asielekee nyumbani kwa Mama Violet kutafuta chakula. Jiko limefungwa tangu alfajiri na ufunguo anao Hildegardi. Chakula kimepikwa kwa Notburga, kwa Mzee Joakim, kwa Getrude, kwa kila nyumba ya Likwela, na chote kiko sengu. Kwa leo tu wazee wamekubali wanaume na wanawake tuketi pamoja, kwa heshima yake. Wazee wanayo maneno kuhusu mkataba, na watayasema wao wenyewe, kwa kuwa mradi ni wao. Bwana Dunstan, Dakta Cleopa, karibuni. Hildegardi aliwapigia simu, kama mama yake alivyoagiza, na tunajua hamkunywa chai njiani.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Mama Violet. Leo tumepika sisi.