Bei ya Sindano

Mbele ya kibanda cha kinyozi pana benchi la miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo ya Jumatano lilikuwa limeshawabeba wenyeji wake: Kinyozi, aliyekosa mteja, Breki, dereva wa lori aliyestaafu akabaki na hadithi za safari, na Bi Birika, aliyewamiminia kahawa na kuwasahihisha. Sindano, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, alifika mwisho, akakaa pembeni kama aliyekuja msibani. Jana yake aliitwa shuleni kwa bintiye, darasa la pili. Mtaa mzima ulijua, maana aliyeutangazia ni yeye.

— Haya, mgeni rasmi, alisema Bi Birika. Umewafundisha nini watoto wa watu?

— Wao ndio walionifundisha, dada.

Mwalimu, alieleza, alipanga madawati yakawa soko. Kila mtoto akapewa vizibo kumi vya soda, ndiyo pesa. Huyu anauza maharage kwa kijiko, yule penseli, na Sindano mwenyewe akapewa meza ya kofia za karatasi.

— Nikasema kofia vizibo vinne. Mimi fundi wa miaka kumi na tisa, situpi kazi yangu. Kumbe kasichana ka meza ya pili nako kanakunja zake, mbili kwa kizibo kimoja.

— Ukashusha bei?

— Nikasusa.

Breki alipaliwa na kahawa.

— Umewasusia watoto wa miaka minane?

— Na mikono nikakunja. Mpaka kengele inalia nimeuza moja, na aliyenunua ni binti yangu. Alinionea huruma.

Walicheka, naye akacheka nao. Lakini kilichomkaba hakikuwa kofia. Mwisho wa soko bintiye alinyoosha kidole akauliza: "Baba, bei ya suruali huwa unaitoa wapi?" Naye, bila kufikiri, akasema ukweli: "Namtazama mteja viatu." Darasa zima likainama kutazama viatu vyake. Wote wakacheka, isipokuwa bintiye. Mwalimu, kwa upole, akamwomba arudi Ijumaa na jibu jingine.

— Sasa nisaidieni, alisema Sindano. Bei hutoka wapi?

— Hutoka kwenye kioo, alijibu Kinyozi. Mteja akijiona amenyolewa nusu kichwa, ndipo unamtajia. Hawezi kuondoka.

— Ndiyo maana leo umekaa na sisi, alisema Bi Birika.

Breki alisogeza kikombe.

— Ninyi hamjasafiri. Bei hutoka mlimani. Mzigo ukipanda mlima, bei nayo inapanda.

— Na ukishuka?

— Haishuki. Hapo ndipo unafunga breki.

— Mimi naona hutoka Jumatatu, alisema Kinyozi. Jumatatu watu wana hofu. Ukimtajia mtu lolote, analipa.

— Nikawaambie watoto hivyo? aliuliza Sindano.

Hakuna aliyemshauri afanye hivyo.

Wakiwa hapo akatokea mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona, mkononi ana sketi ya shule.

— Samahani, fundi ni nani? Kupunguza huu upindo ni kiasi gani?

Macho ya Sindano yalianza kushuka kwa mazoea. Akayazuia njiani.

— Sijui, mama.

— Hujui bei yako mwenyewe?

— Mwaka wa kumi na tisa huu siijui. Hebu kaa kidogo.

Breki alimpisha. Sindano aliazima kalamu ya Kinyozi, akapima upindo, akaanza kuandika nyuma ya boksi la wembe: uzi, sindano, fungu la kodi ya kibanda. Vyote alivijua, ila hakuwahi kuviweka mahali pamoja. Kisha akaandika "nusu saa" na kalamu ikasimama.

— Nusu saa yangu mimi ni kiasi gani?

Alimtazama Kinyozi, akamtazama Breki. Bi Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na machicha ya kahawa.

— Nusu saa ya nani? alisema Breki taratibu. Mimi nimeendesha miaka thelathini sijaiuliza.

Mwanamke akasubiri. Sindano akamtajia jumla ya vile alivyoandika, akashona, akapokea. Nusu saa aliiacha wazi. Boksi akalikunja, akalitia mfuko wa shati.

— Ijumaa nawapelekea watoto hili, alisema. Wao wana vizibo. Labda wataniambia nusu saa ni vingapi.