Karakana Haigeuki Ghala

ELIEZA: Haloo? Haloo! Chuoni hapo? Nani anaongea?

MWANNE: Usipige kelele, mtani, watu wamelala.

ELIEZA: Bi Mwanne?

MWANNE: Mwenyewe. Binti Selemani wa Mtendeni.

ELIEZA: Hiyo krr, krr, krr ni waya wa simu au ni nini?

MWANNE: Waya gani? Ni Minza, anakwangua ukoko wa jana. Huyu mtoto kabla ya alfajiri hawezi kutulia, lazima akwangue kitu. Minza, mama, acha kwanza. Mtani wetu anapiga simu.

ELIEZA: Shikamoo, bibi.

MWANNE: Marahaba. Umelalaje huko safarini Nzega?

ELIEZA: Sikulala. Bibi, naomba—

MWANNE: Mbu?

ELIEZA: Siyo mbu! Ina maana mmelala chuoni?

MWANNE: Ndani ya karakana, juu ya maranda ya mbao. Laini, usione! Wanafunzi wote wa useremala, na sisi akina mama wa kamati. Mwalimu Mabruki aliniletea blanketi lake, yeye akalala barazani na koti. Mtu mwema yule.

ELIEZA: Bibi, nisikilize vizuri. Lori la tumbaku linafika hapo asubuhi hii. Meza za mafundi zitoke, marobota yaingie. Nilitangaza Ijumaa mbele yenu wote.

MWANNE: Ulitangaza. Tukasikia.

ELIEZA: Na funguo za karakana unazo wewe.

MWANNE: Ninazo. Ziko kwenye pindo la khanga, zinanichoma ubavu.

ELIEZA: Sasa zitoe. Mpe Mabruki afungue, mambo yaishe.

MWANNE: Hapana.

ELIEZA: [anavuta pumzi] Bibi, utani naujua. Mimi Mgogo, wewe Mnyamwezi, tumecheka sana. Lakini sasa inatosha.

MWANNE: Siku ya Maulidi uliingia jikoni kwangu bila hodi. Ukamnyakua kuku chunguni, na mvuke unatoka, ukaenda kumla barazani mbele ya wageni wangu.

ELIEZA: Ule ulikuwa utani!

MWANNE: Nilikasirika?

ELIEZA: Hukukasirika.

MWANNE: Nilikuletea mchuzi. Kwa sababu mtani akinyakua hakasirikiwi, wala haitiwi polisi. Mwenye mali anakuja mwenyewe kugomboa kitu chake. Ndivyo tulivyolelewa, kwenu na kwetu. Basi na mimi nimenyakua. Njoo ugomboe.

ELIEZA: Kuku ni kuku! Zile ni funguo za ofisi!

MWANNE: Kuku wangu naye alikuwa na kazi yake.

ELIEZA: Nyie wapagazi ndivyo mlivyo. Mkiona mzigo vichwa vinawawasha, hata usio wenu mnaubeba.

MWANNE: [anacheka] Hapo ndipo nakupenda. Ndiyo, wapagazi. Babu yangu alipita kwenu na pembe kichwani akienda pwani. Ulimi umemkauka, na babu zako wamekaa juu ya kisima. "Lipa hongo ndipo unywe." Akatoa shuka lake. Sasa leo ninyi ndio mnapita kwetu na mizigo ya tumbaku. Lipeni hongo.

ELIEZA: Hongo gani unataka?

MWANNE: Uje usimame hapa mlangoni, umtazame Minza machoni, umwambie atoke.

[mkwaruzo]

ELIEZA: Haloo?

MWANNE: Nipo. Wewe ndiye uliyepotea.

ELIEZA: Ni msimu mmoja tu, bibi. Tumbaku ikisafirishwa, karakana inarudi. Shabaha za chuo ziko palepale, hakuna aliyezifuta.

MWANNE: Zitaje.

ELIEZA: Nini?

MWANNE: Hizo shabaha. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele siku ya kufungua chuo. Ulikuwa na shati jeupe. Ulisema hapa hatumpi mtu cheti cha kutundika ukutani, tunampa kazi ya mikono. Arudi kwao, awafundishe wenzake, na wale wafundishe wengine. Ukasema—

ELIEZA: Nakumbuka nilichosema.

MWANNE: Ukasema watoto wanaotambaa leo, wakiwa wakubwa, wasione kijiji kinachotuma watu mjini kutafuta mlango. Toka Igunga mpaka Urambo. Mimi sikuwa najua kusoma bado, lakini lile nililishika.

ELIEZA: Ni mambo ya muda mrefu yale. Hayaharibiki kwa msimu mmoja.

MWANNE: Yanaharibika kwa asubuhi moja. Mume wa Minza hakutaka aje. Wazee walimkalia kikao, akakubali kwa shingo upande, mara moja tu. Akirudi leo mikono mitupu, unadhani atatoka tena?

ELIEZA: Nitamwandikia—

MWANNE: Utamwandikia mume? Na nyuma ya Minza hatatoka mwanamke mwingine kijiji kile. Watasema, "Tulijaribu, tukaona." Watasema hivyo mpaka wajukuu zake. Huo ndio msimu wako mmoja.

ELIEZA: Wenzake je?

MWANNE: Ng'washi ana mlango wa zahanati ya kwao mezani, bado fremu. Unajua zahanati yao inafungwa na nini sasa hivi? Mkeka. Mwanamke anajifungua, mbuzi anachungulia.

ELIEZA: Bibi, mimi ni ofisa tu, mtu wa kutumwa. Nina wakubwa. Wakinibana itabidi niite polisi wavunje kufuli.

MWANNE: Waje. Uji upo.

ELIEZA: Sitanii!

MWANNE: Hata mimi. Nimeweka na sukari.

ELIEZA: Bi Mwanne, mtakamatwa, wanawake wazima, kwa ajili ya—

MWANNE: Kwa ajili ya nini? Malizia.

[mkwaruzo]

MWANNE: Elieza, baba. Nikuulize jambo, usinijibu haraka.

ELIEZA: Uliza.

MWANNE: Ijumaa baada ya kutangaza ulikuja kwangu. Tulikaa mkeka mmoja. Mfuko wa koti lako ulikuwa upande wangu.

ELIEZA: Ndiyo.

MWANNE: Zile funguo zinalia kama njuga. Nilipotia mkono zililia. Minza alisikia, naye alikuwa uani anachambua mchele.

ELIEZA: Tulikuwa katika mazungumzo, bibi. Sikusikia.

MWANNE: Mazungumzo gani? Ulikuwa umenyamaza, unatazama kikombe. Chai imepoa.

ELIEZA: Labda—

MWANNE: Uliinua kiwiko.

[krr, krr, ukoko unakwanguliwa tena]

MWANNE: Mkono wangu ulikuwa umekwama pale, chini ya kiwiko chako. Nikasema moyoni, nimeshikwa. Ukakiinua, mwanangu. Taratibu. Halafu ukakishusha.

OPERETA: Nzega, dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?

ELIEZA: ...Tunaendelea.

OPERETA: Ongeeni.

MWANNE: Asante, mama. Umeamkaje huko?

OPERETA: Salama, bibi. Ongeeni tu.

ELIEZA: Umemwambia mtu?

MWANNE: Nimwambie nani? Mimi nasema nimekunyang'anya. Na wewe sema hivyohivyo. "Nimenyakuliwa na mtani, desturi imenifunga mikono." Wakubwa wako wamezaliwa wapi, Ulaya? Wote wana watani. Watacheka, na siku itapita.

ELIEZA: [anacheka kidogo] Watacheka kweli.

MWANNE: Basi.

ELIEZA: Wataninunulia na soda. Halafu watamtuma mtu mwingine, bibi. Asiyekujua. Asiye na utani na mtu wa Tabora. Atakuja na nyundo.

[mkwaruzo]

MWANNE: Hilo sikuliwaza.

ELIEZA: Mimi nimeliwaza usiku kucha. Ndiyo maana nakupigia. Nilitaka ukubali mwenyewe, tuyatulize mambo, halafu mimi nisiwe... nisiwemo kabisa.

MWANNE: Hakuna asiyekuwemo, baba. Mkoloni ndiye aliyesema sisi hatumo.

ELIEZA: Na tumbaku je? Si ya mkoloni ile, ni jasho la wakulima. Nao ni wananchi. Ikinyeshewa, kuna watoto watakosa nguo.

MWANNE: Nani kasema inyeshewe? Ghala la zamani la Kanyenye liko tupu.

ELIEZA: Paa limetoboka.

MWANNE: Si ndiyo kazi yetu? Tuna mbao, tuna misumari, tuna Ng'washi. Leo hiihii wanapanda. Chuo kisaidie mji, si ulisema?

ELIEZA: Wanawake juu ya paa, katikati ya Kanyenye, mchana? Watu watasema!

MWANNE: Waseme. Wakitazama juu wakati wa kupiga msumari watapata vumbi la macho.

ELIEZA: Ulishapanga yote haya.

MWANNE: Tulilala kumi na zaidi chumba kimoja. Ulidhani tunakoroma tu?

[honi, mbali]

ELIEZA: Ni nini hiyo?

MWANNE: Lori. Limewahi.

ELIEZA: Wako wangapi?

MWANNE: Dereva na wapakuzi. Ngoja nione... Wasichana wamekaa mlangoni. Hakuna anayepiga kelele. Minza anawapa uji hao wapakuzi, tazama mtoto huyo. Wanaupokea kwa mikono miwili. Vijana wana adabu.

ELIEZA: Dereva ni nani?

MWANNE: Lugembe, wa Isevya.

ELIEZA: Mwite kwenye simu.

MWANNE: Utamwambia nini?

ELIEZA: Mwite, bibi.

MWANNE: Niambie kwanza. Mlango huu siuachi bila kujua.

ELIEZA: Umenishika mfukoni na sikupiga kelele. Na mimi niamini mara moja.

MWANNE: Lugembe! We Lugembe! Njoo, baba, acha bakuli hapo. Simu yako.

LUGEMBE: Haloo? Ndugu Elieza? Mkuu, huku kuna mambo. Kina mama wamekaa mlangoni, mimi siwezi kukanyaga mama wa mtu.

ELIEZA: Usimkanyage mtu. Geuza lori. Nenda ghala la zamani la Kanyenye.

LUGEMBE: Lile bovu?

ELIEZA: Funika marobota na turubai. Mafundi wa chuo wanakwenda nawe kuziba paa. Wapakie wao na mbao zao.

LUGEMBE: Mafundi wapi? Hapa naona wasichana.

ELIEZA: Haohao.

LUGEMBE: Sawa, mkuu. Wakiniuliza, nani kaamuru?

ELIEZA: Mimi.

LUGEMBE: Niseme jina?

ELIEZA: Elieza Ndahani. Sema karakana haigeuki ghala, na aliyekataa ni Elieza Ndahani. Mkutano ni kesho hapo Tabora, nitasema hivyohivyo mbele ya wakubwa kwa mdomo wangu. Mrudishie bibi simu.

MWANNE: Nimesikia. Lile la utani si lilikuwa jepesi zaidi?

ELIEZA: Lilikuwa jepesi.

MWANNE: Basi lichukue bado. Hakuna atakayekucheka hapa.

ELIEZA: Bibi, mama yangu alipofia hapo Tabora, sina ndugu, sijui hata pa kupata jembe, ninyi watani ndio mlichimba. Mabruki alilala kaburini akasema, "Shimo hili tamu, simpi Mgogo." Nilicheka huku machozi yananitoka.

MWANNE: Hilo sikulitaja. Wala nisingelitaja.

ELIEZA: Ndiyo maana nalitaja mimi.

[mkwaruzo, sauti za wasichana]

ELIEZA: Wanaimba nini?

MWANNE: Wanajipakia kwenye lori. Ng'washi ameshika msumeno kama bunduki. Minza ameingia ndani, nasikia randa. Hajui bado kama ameshinda, anafanya kazi tu.

ELIEZA: Mwache afanye.

MWANNE: Watakuhamisha, mwanangu?

ELIEZA: Huenda.

MWANNE: Wapi?

ELIEZA: Wapi sijui. Mbali.

MWANNE: Sisi ndio tuliofundisha miguu njia ya pwani, mbali hatutishiki nako. Na chuo hiki hakikuwa cha mtu mmoja. Wakikutoa wewe, watanikuta mimi. Wakinitoa mimi, kuna Minza.

ELIEZA: Hiyo ndiyo shabaha, bibi. Hiyohiyo.

MWANNE: Najua. Nilikuwa mstari wa mbele.

OPERETA: Nzega, dakika zenu zimekwisha tena... Saa yangu hii inachelewa kidogo. Malizieni.

MWANNE: Mungu akuweke, mama. Unaitwa nani?

OPERETA: Eustadia, bibi. Haraka lakini, msimamizi anapanda ngazi.

ELIEZA: Bibi, nakwenda. Kuna basi la asubuhi.

MWANNE: Umekula?

ELIEZA: Nitakula njiani. Wasalimie wote. Mwambie Mabruki—

MWANNE: Nitamwambia. Sikiliza, Elieza. Mkutano ukiisha, wakikusema vizuri, wakikusema vibaya, usipite moja kwa moja kwenda nyumbani. Pitia kwangu. Njoo na mkeo na watoto. Na wakikupeleka hata Mtwara, kila likizo—

[mkwaruzo mkubwa]

MWANNE: Haloo? Elieza? Haloo!

OPERETA: Nzega amekatika, bibi.

MWANNE: Nirudishie, Eustadia mwanangu. Neno lenyewe sikulimaliza. Na usipompata sasa, basi mwambie wewe akipiga tena: bibi anasema uje tena.