Ukurasa wa Dada Chanzo Hatuufungi

Simu ilimkuta shemeji yetu, mume wa marehemu, mezani, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa moja asubuhi, chai bado haijapoa. Aliyepiga alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. "Baba, Dada Chanzo ametutoka." Akaongeza, "Lakini ukurasa wake unafanya kazi. Nimeutazama sasa hivi."

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1966, kifungua mimba wa mwashi na muuza mboga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984, akasomea uchapaji, na mwaka 1987 akaajiriwa masijala ya hospitali. Huko ndiko alikopewa jina la Dada Chanzo, kwa sababu ukimpelekea karatasi yoyote aliuliza, "Hii umeitoa wapi?"

Alifunga ndoa na fundi cherehani tarehe 7 Desemba 1991. Karani wa ndoa alinakili vibaya, akaandika kwamba bibi harusi alizaliwa 1969. Dada akaweka kalamu chini.

"Mke wangu, watu wanasubiri," bwana harusi alimnong'oneza.

"Wasubiri. Na bado sijawa mke wako."

Cheti kiliandikwa upya.

Mwaka 2011, mtu aliyenakili mwongozo wa dozi aliruka nukta. Mbili na nusu ikawa ishirini na tano, na kosa likanakiliwa wodi hadi wodi. Mungu alimtumia muuguzi mmoja kulishtukia, sindano ikiwa tayari mkononi. Tangu siku hiyo Dada alikataa kunakili. Akiwa na miaka arobaini na mitano alijifunza kuendesha programu ndani ya kivinjari cha kompyuta. Mwongozo ulikaa kwenye ukurasa mmoja tu. Karatasi ya kila wodi ilipofunguliwa kwenye kompyuta, ilichota kifungu chake kutoka pale pale. Ukisahihisha pale, umesahihisha kote.

Mkuu wa utawala hakupenda. "Mama, kunakili kuna dhambi gani?"

"Hakuna, Mkuu. Dhambi ni kusahau ulikotoa."

Aliandikiwa barua tatu za onyo aufunge ukurasa. Ya tatu ilinukuu kanuni ya kumi na moja ya hospitali, inayokataza kurasa zisizoidhinishwa. Dada aliiweka barua hiyo kwenye kompyuta, akaiunganisha na kanuni yenyewe. Kila aliyeifungua aliona maneno yaliyorukwa: "isipokuwa kwa usalama wa wagonjwa." Barua ya nne haikuja.

Saratani ya ini iligundulika Juni mwaka jana. Hata kitandani aliomba faili lake, akalisoma tangu ukurasa wa kwanza, akasahihisha kundi la damu.

Juzi, pamoja na rambirambi, utawala umetuomba turudishe kompyuta na ukurasa ufungwe. Jibu letu tunalisoma hapa, mbele yake. Kompyuta tutairudisha. Ukurasa hatuufungi. Nywila aliikabidhi kwa muuguzi mkuu, kwa maandishi na kwa sahihi yake, na Mungu ni shahidi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake wanne. Mungu ampe pumziko ambalo kazini hakulikubali.

Leo saa tatu asubuhi tumemuaga nyumbani, sebuleni. Mumewe amemfunga vifungo vya gauni la bluu alilomshonea mwenyewe. Mabinti wamembusu. Wauguzi wamepita mmoja mmoja. Muuguzi mkuu amepita wa mwisho, akamshika mkono, akasema, "Ukurasa uko wazi, Dada." Kisha tumefunika jeneza.