Mkwe Mlangoni

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa na pumzi, Waislamu na Wakristo chini ya paa moja.

Ndugu zangu mnaojitolea, mmenitaka niseme yaliyotupata nyumbani kwangu hapa Newala. Nitasema polepole, maana mke wangu amekaa pale nyuma na ananisikiliza.

Kiangazi kile mlipita mitaani mkifundisha habari za kipindupindu. Mkwe wangu, aliyemwoa binti yetu mkubwa, Somoe, alikuwa mmoja wenu. Pale kijiweni walimtania kwamba ni daktari asiye na mgonjwa. Alicheka nao, akaendelea kutafuta dereva wa bajaji atakayekubali kubeba wagonjwa mvua zikianza.

Zikaanza. Mke wangu akaenda msibani Chilangala. Mnajua maji yetu huku juu yalivyo ya shida: akina mama waliketi mkekani, beseni moja likazunguka, wote wakanawa humo humo, wakala. Kesho yake alianza kuhara na kutapika. Kufika mchana, macho yalikuwa yameingia ndani.

Mkwe alikuja mbio, akakomea uani. Nawaambia, kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe; hata kumtazama usoni ni shida. Mama mwenzenu wa kujitolea aliyepangiwa nyumba yetu alikuwa kwa mgonjwa mwingine. Basi kijana akachuchumaa nje ya mlango, mgongo ameugeuzia kwetu, akachanganya dawa ya chumvichumvi na kunipitishia kikombe chini ya pazia. "Kidogo kidogo, baba. Akitapika, subiri, halafu mpe tena."

Bajaji ya yule dereva aliyempata ikafika. Mke wangu hakuweza kusimama, na magoti yangu mnayajua. Nilijaribu kumwinua, tukaanguka wote kitandani. Nikaona sasa tunaagana.

Ndipo aliponiambia, kwa sauti ndogo sana, "Baba Somoe, mwite aingie. Leo si mkwe, ni mwanangu."

Aliingia ameinamisha macho, mikononi amevaa glavu zake. Akamfunika vizuri kwa kanga, akambeba. Nilimsikia akisema, "Shikamoo, mama." Naye, hana nguvu hata ya kuinua shingo, akaitikia, "Marahaba."

Hospitalini alitundikiwa dripu, na Mungu akamrudisha nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Nawashukuru wauguzi, dereva yule, na ninyi mliojiandaa huku mkichekwa. Siku hizi msibani kwetu tunamiminiana maji kwa jagi, hata yakiwa haba. Ila nina ombi. Mkipita nyumba kwa nyumba, msiulizie choo na maji tu. Ulizeni pia: mama wa hapa akizidiwa, nani ataruhusiwa kumbeba? Ulizeni watu wangali wazima, ili haya yao iishe mapema.

Mkwe wangu bado hukomea uani akija kutusalimu, kama inavyopasa. Lakini sauti ya mke wangu inayomjibu kutoka ndani humwita, "Mwanangu."

Mungu amjalie kila mmoja wenu, na yeyote atakayesoma maneno haya, awe na mtu wa kuitwa aingie saa hiyo ikifika. Amina.