Marcienne Asende na Mumewe, Usukani Mmoja

Wasikilizaji wapendwa wa Rubondo, wa Kaberebere, wa Mbarara mjini na wa ng'ambo ya mto kule Nyamitanga, leo nawasalimu kwa sauti ya chini. Uliye na sufuria motoni, ipunguzie moto. Uliye njiani, tafuta mahali uegemee. Tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu mlimpungia mkono barabarani bila kulijua jina lake.

Jina lake ni Marcienne Asende. Alikuwa dereva wa lori. Alikuwa mke wa Ladislas Lubunga, na mama wa binti mmoja, Eliane. Alifariki mwezi uliopita hospitalini Mbarara, akazikwa hapa Rubondo. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Marcienne Asende, dereva wa lori, hatunaye tena.

Marcienne alizaliwa Baraka, Kivu Kusini. Usichana wake aliutumia kuuza ndagaa. Alikuwa akinunua ndagaa wakavu Baraka, anapakia magunia kwenye lori, anakwenda nayo mpaka soko la Uvira. Malori yalikuwa mengi, lakini yeye alisubiri moja tu, lile lililoendeshwa na Ladislas. Watu wa sokoni walisema msichana huyu anampenda dereva. Yeye alikataa jambo hilo hadi uzee wa ndoa yao. Binti yake Eliane ananiambia hivi: "Mama alisemaka, miye nilipenda gari kwanza. Baba yako nilimukuta tu mule ndani."

Wakaoana. Desturi ilitaka mke abaki nyumbani na mume aende safari zake. Marcienne alibaki majuma machache, kisha akakunja kitenge chake na kumfuata mumewe kwenye kabini. Akamwambia, "Njia yako ni ndefu, na miye si kufuli ya mulango."

Huko bonde la Ruzizi, mahali barabara inapotambaa bila mlima, Ladislas alimwachia usukani. Lori lilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Likazima. Akaliwasha, likazima tena. Abiria waliokaa juu ya mizigo walinung'unika, na mzee mmoja akashuka, akasema ni heri miguu yake. Ladislas akamwambia kwa upole, "Tembea salama, papa. Utatukuta mbele." Na kweli mzee yule aliwakuta mbele, lori limezima kwa mara nyingine. Lakini mwaka ulipogeuka, Marcienne alikuwa anaendesha na mumewe amelala kando yake, mdomo wazi, bila wasiwasi wowote.

Kisha vita vikafika, wasikilizaji wapendwa. Hilo wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Watu wenye bunduki walilisimamisha lori, wakawashusha wote, wakaondoka nalo. Marcienne alibaki barabarani na Eliane mgongoni, Ladislas ameshika ufunguo wa akiba wa gari ambalo halipo. Walitembea, wakapakiwa, wakatembea tena, wakaingia Uganda kupitia Bunagana. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wakapewa kiwanja, hapa Rubondo. Wakalima mahindi na maharage kama majirani zao. Lakini majirani wanakumbuka kwamba lori likipita barabarani, majembe mawili yalikuwa yanasimama kwa pamoja.

Kaberebere kuna mfanyabiashara anaitwa Naboth, mnunuzi wa mahindi na matoke. Dereva wake aliacha kazi. Habari ikafika Rubondo, na kesho yake Ladislas alikuwa mlangoni kwake, Marcienne nyuma yake. Naboth anakumbuka: "Mimi nilitaka dereva moja. Wakakuja wawili. Nikawaambia, sebo, bwana, mimi sikuita harusi hapa." Ladislas akamjibu kwamba akiwachukua wote wawili, gari lake halitasimama kwa sababu ya dereva kuchoka. Naboth akacheka, akawachukua. Maneno yake yakatoka hapo, yakawafuata barabarani. Madereva wa njia ya Kampala wakawaita Harusi. "Harusi wamepita?" "Harusi wako mbele."

Kabini ile ikawa nyumba yao, Eliane akibaki shuleni Rubondo. Nyuma ya kiti kulikuwa na jiko dogo la mkaa. Dirishani kulining'inia kitenge cha kuzuia jua. Walipeleka matoke Kampala, wakarudi na saruji, chumvi na magodoro. Lori lilipozidiwa mlimani, Marcienne ndiye aliyeruka chini na gogo mkononi na kulisukumiza nyuma ya tairi. Waliimba nyimbo za kanisa, yeye sauti ya juu, Ladislas sauti ya chini. Waligombana pia. Waligombana juu ya gia, juu ya chumvi kwenye maharage, juu ya nani alisahau kufunga turubai. Ladislas anasema hajawahi kukaa siku nzima mbali na mke wake tangu waingie Uganda.

Mbarara walikuwa wanakula kwa Yudaya. Yudaya ni mke wa mwanajeshi, anapika chakula karibu na kambi ya jeshi. Ananiambia, "Mama huyo, nyabo huyo, alikuwa anakula kama askari. Haraka haraka. Halafu anaosha sahani yake mwenyewe, mimi nakataa, yeye anaosha tu." Wakawa marafiki.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawaomba mnifuate polepole.

Macho ya Ladislas yalianza kuingia ukungu. Kwanza pembeni. Alikuwa anaiona barabara iliyo mbele, lakini kingo zake zilikuwa zinaliwa kidogo kidogo. Hakumwambia mtu. Siku moja mchana, wakiteremka kuelekea Kaberebere, mtu mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kando ya lami. Marcienne aliona lori linamfuata mtu yule. Akaurukia usukani na kuuvuta. Lori likasimama gurudumu moja likiwa kwenye majani. Mwenye baiskeli aliwatazama, akatikisa kichwa, akaendelea na safari.

"Baba Eliane, haukumuona?"

"Mutu gani?"

Marcienne akamgeukia mumewe. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

Ladislas akashuka. Akauzunguka uso wa lori, mkono wake ukipapasa bodi, akapanda upande wa pili. Marcienne alikuwa ameshasogea kwenye usukani. Tangu siku ile Ladislas hakuendesha tena. Daktari wa macho aliwaambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kabla ya mwaka kwisha, Ladislas alikuwa anatofautisha jua na kivuli, basi.

Naboth alitaka kutafuta dereva mwingine. Akamwuliza Marcienne, "Sasa nyabo, wewe utaendesha peke yako, na mzee haoni?" Marcienne akamjibu, "Yeye iko na masikio, miye niko na macho. Ukitupanga pamoja, tuko shofere moja muzima." Na ilikuwa kweli, walikuwa dereva mmoja kamili. Ladislas alikaa kando yake akisikiliza. Alisikia mkanda wa injini ukilegea kabla haujakatika. Alisikia tairi lililoanza kupoteza upepo. Alisema, "Simama," na Marcienne alisimama bila kuuliza.

Wakaendelea hivyo, mke anaona, mume anasikia. Ndipo Marcienne akaanza kuumwa.

Damu ilikuwa inamtoka nje ya siku zake. Kiuno kilimwuma. Yudaya aligundua mapema, kwa sababu ni kwake Marcienne alikoomba maji ya kufulia nguo. Yudaya anasema, "Nilimwambia, dada, wewe iko mgonjwa, twende hospitali, mimi nakupeleka sasa hivi. Yeye akasema, nikilala hospitali, nani atashika volan?" Volan ndio usukani kwa Wakongo. "Nikamwambia Mungu atasaidia. Akaniambia, Yudaya, kwa Mungu ninasali. Lakini leseni ni yangu." Akamwapisha Yudaya asimwambie Ladislas. Yudaya akaapa, na hadi leo kiapo kile kinamnyima usingizi.

Kumficha asiyeona si kazi ngumu. Ladislas alipomwuliza kwa nini anavuta pumzi namna ile, Marcienne alimjibu kwamba ni kiti, kimechakaa, kinamchoma kiuno. Ladislas akavua koti lake, akalikunja vizuri, akampa alikalie.

Siku ya mwisho walikuwa wametoka Mbarara na mzigo wa saruji. Kabla ya kufika Kaberebere, Ladislas alisikia lori linapungua mwendo. Likaegeshwa vizuri kando ya barabara. Breki ya mkono ikavutwa. Mlango ukafunguliwa, na gogo likawekwa nyuma ya tairi. Kisha hatua zake hazikusikika tena. Injini ilikuwa bado inanguruma.

"Mama Eliane?"

Akaufungua mlango wake.

Alishuka, akaifuata bodi ya lori kwa mikono, akiita. Mguu wake ukamgusa. Marcienne alikuwa amekaa kwenye majani, mgongo umeegemea tairi. Ladislas akapapasa uso wake, ulikuwa baridi na jasho. Akapapasa kitenge chake, kilikuwa kimelowa. Akanusa vidole vyake, akajua ni damu.

Fikirini mtu huyo, wasikilizaji wapendwa. Lori limewaka. Ufunguo upo. Amekuwa dereva maisha yake yote, na mji hauko mbali. Na hawezi kuendesha hata hatua moja.

Aliingia barabarani. Alisimama mahali alipodhani ni katikati, akainua mikono kila aliposikia gari. Magari yalipiga honi, yakamkwepa, yakapita. Pikipiki zikapita. Mtu mmoja alimtukana, akimwita mlevi. Jua lilikuwa kali kichwani. Hatimaye gari moja likasimama. Alikuwa mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, Ramathan, anarudi kutoka likizo.

"Mzee, kwa nini unasimama katikati ya barabara? Unataka kufa?"

"Afande, bibi yangu yuko pale chini. Miye sioni. Nisaidie."

Ramathan alimbeba Marcienne mwenyewe, akawapeleka wote hospitalini Mbarara.

Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Ilikuwa imepita mahali pa kutibiwa, imefika kwenye figo. Daktari aliwaeleza kwa upole, na wote wawili walielewa. Eliane alikuwa amefika kutoka Rubondo, na alikuwepo chumbani wazazi wake walipozungumza.

Ladislas aliuliza, "Mbona haukuniambia?"

Marcienne akasema, "Ungenishusha kwenye gari."

"Ndiyo. Ningekushusha."

"Njo maana sikukuambia."

Hawakulizungumza tena. Ladislas alikaa kando ya kitanda kile siku zote alizobakiwa nazo mke wake. Alimpa uji kwa kijiko, na Marcienne ndiye aliyekuwa akiuongoza mkono wake mpaka mdomoni. Kisha hata hilo likamshinda, Eliane akachukua kijiko. Alifariki asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu. Ladislas aliijua pumzi ya mwisho kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema tu, "Imezima."

Walimzika Rubondo, mvua ikinyesha. Naboth alikuja, akalia, na baada ya msiba akaliuza lori kwa mtu wa mbali. Simlaumu. Eliane ameacha shule. Asubuhi analima kiwanja, mchana anampikia baba yake. Nilipomtembelea, alizungumza mbele ya baba yake bila kupunguza sauti. "Baba alisikia kila kitu cha ile mashine. Mukanda, tairi, vyote. Mama iko anaoza kando yake, hakusikia." Nilimtazama Ladislas. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Hakujitetea. Alisema, "Mutoto anasema kweli."

Nilimwuliza kama ana neno la kuwaambia ninyi. Nilitarajia neno la faraja, kwa sababu sisi wa redio tumezoea kufunga kwa faraja. Akafikiri, akasema, "Baambie alikuwa anaendesha muzuri kunipita. Miye nilimufundisha, lakini alinipita." Nikangoja aendelee. Akainuka, akaupapasa mlango, akaingia ndani.

Kwa Ladislas Lubunga, kwa Eliane, kwa Yudaya anayejilaumu bila sababu, kwa waumini wa kanisa lao dogo pale Rubondo, na kwa madereva wote wa njia ya Kampala waliowaita Harusi, tunasema poleni sana. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Majirani, Eliane ana jembe moja na kiwanja kizima. Mkipita, msipite tu.

Na kabla hatujaachana, nina neno kwa akina mama mnaonisikia. Saratani hii ikionekana mapema, inatibika. Damu ikikutoka nje ya siku zako, nenda kapimwe, hata kama kuna mzigo unasubiri na watu wanakutegemea. Najua kwa nini mnanyamaza. Marcienne naye alinyamaza ili nyumba yake isianguke. Nyumba ilianguka, yeye akiwa ndani.